Maziwa Aliyokatazwa Chiriku

Mtaa mzima ulimwita Mama Maziwa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto wa kiume wa miaka miwili na mtamba mmoja mwenye baka jeupe usoni. Mtamba yule alipozaa, kwa maziwa yake na baadaye ya wazao wake, alimlea mwanawe mpaka akawa fundi umeme mwenye mabega ya kujaza mlango. Ukimwambia kwamba maziwa ni chakula kama vyakula vingine, alikutazama kama mtu uliyemtukania mama yake.

Kisha akazaliwa mjukuu, msichana. Alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, ndiyo maana bibi yake akambandika jina la Chiriku. Siku alipoonjeshwa uji wa maziwa kwa mara ya kwanza, midomo ilimvimba na mwili ukamtoka vipele kama aliyepita kwenye upupu. Daktari alimpima, akasema mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Asipewe hata tone.

"Sasa atakua vipi?" aliuliza Mama Maziwa, ambaye alikuwa ameng'ang'ania kwenda nao hospitali.

"Atakua vizuri tu, Mama," alijibu daktari. "Kwa umri wake huu wa mwaka na zaidi, apewe maziwa ya soya, yale yaliyoongezwa madini. Na ale mayai, samaki wadogo, maharage na mboga za majani. Wapo watoto wengi wasiokunywa maziwa ya ng'ombe na wana afya."

Mkwewe, mama yake Chiriku, fundi cherehani mpole asiyependa makuu, aliyashika maneno hayo kama amana. Mama Maziwa aliyasikia kwa sikio la kushoto yakatokea la kulia.

"Maziwa ya soya!" aliwaambia wateja wake pale mlangoni. "Tangu lini haragwe likawa na kiwele?"

Wateja walicheka, naye akacheka nao. Lakini wakishaondoka, jambo lile lilimkaa rohoni. Kila asubuhi alikamua maziwa ya kuwanywesha watoto wa watu, na mjukuu wake wa pekee alikuwa hayagusi. Taratibu akajiaminisha kwamba mkwewe anamdharau, anaona maziwa ya uani ni ushamba, na daktari ni kisingizio tu.

Chiriku alikuwa amefikisha miaka mitatu siku mama yake alipoitwa ghafla kurekebisha gauni la bibi harusi. Alimleta mtoto kwa bibi yake, na chupa ya soya mkononi.

"Mama, nakuomba. Asinywe kingine zaidi ya hiki."

"Nenda, mwanangu. Nimelea mimi kabla wewe hujazaliwa."

Mama Maziwa alikuwa anachemsha maziwa. Povu lilipanda, akaipua sufuria. Chiriku akaja akasimama karibu, akavuta harufu.

"Na mimi, Bibi."

"Wewe una yako kwenye chupa."

"Yangu nimeyachoka. Nataka haya ya kwako."

Haya ya kwako. Maneno hayo yalimlainisha bibi kizee. Akawaza kwamba mtoto sasa ameshakuwa mkubwa, tena maziwa yamechemka vizuri. Nusu kikombe kitamfanya nini? Akinywa akabaki salama, basi ubishi umekwisha nyumba nzima. Akayapooza, akampa. Chiriku alikunywa yote, akabaki na masharubu meupe, akacheka.

Hazikupita dakika tano, akaanza kujikuna shingo. Macho yakavimba yakawa kama yameshonwa. Alitaka kusema neno, ikatoka sauti nyembamba kama ya mlango mbovu. Kisha Chiriku, mtoto asiyenyamaza hata usingizini, akanyamaza.

Mama Maziwa alimbeba akakimbia pekupeku. Fundi magari wa jirani aliwapakia kwenye pikipiki yake bila kuuliza swali. Kule zahanati daktari alimwita muuguzi kwa kelele, akamchoma mtoto sindano ya paja.

"Amekula nini?"

Uongo ulimfika mdomoni, tayari kutoka. Akautazama uso wa mjukuu wake, midomo imebadilika rangi.

"Nimempa maziwa ya ng'ombe. Mimi."

Mtoto alipona. Alipumua tena sawasawa, na kesho yake jioni alikuwa anamsimulia muuguzi habari za paka. Lakini mama yake alipofika siku ile, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni, hakupiga kelele. Mama Maziwa angefurahi angepigiwa kelele.

"Mama," alisema tu, "wewe uliona nakudharau. Kumbe mimi nilikuwa nakuomba."

Wiki ile ile ng'ombe aliuzwa. Mama Maziwa alinunua sufuria mpya na kitambaa kipya cha kuchujia, maana kwenye vya zamani hakutaka kubahatisha. Alijifunza kuloweka soya, kuimenya maganda, kuisaga, kuichuja, na kuichemsha kwa muda mrefu mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Mara tatu aliimwaga. Mara ya nne ikawa tamu, akaijaza kwenye chupa akaipeleka kwa mwanawe.

Mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mama Maziwa akaaga. Alipofika nje akakumbuka amesahau mtandio wake, akarudi. Kupitia mlango wa jikoni akamwona mkwe ameiinamisha chupa juu ya karo, maziwa yanateremka.

Walitazamana.

"Kila kitu nilitumia kipya, mwanangu," alisema Mama Maziwa. "Ni soya tupu."

"Najua, Mama. Naamini." Machozi yalikuwa yanamtiririka mkwe. "Nimetaka kumpa. Mkono unakataa. Nikiishika hii chupa naiona ile midomo yake."

Mama Maziwa alichukua mtandio, akampapasa mkwe begani, akatoka.

Mwaka uliofuata fundi umeme alipata kazi mji mwingine, wakahama. Hakuna aliyesema kwamba wanahama kwa sababu yake, na huenda kweli haikuwa hivyo. Kila Jumapili wanampigia simu. Chiriku anaongea mpaka anaishiwa pumzi, na nyuma yake husikika mama yake, karibu, daima karibu.

"Bibi, mimi nimekunywa soya yangu yote. Wewe unakunywa nini?"

"Chai kavu, mjukuu wangu."

"Kwa nini huweki maziwa?"

"Nimeyaacha," anajibu, anasogeza simu mbali kidogo na uso, mtoto asije akasikia kwikwi.