Fungu la Najat

Asubuhi ile Zamda hakukaa wala hakusimama. Chai ilichemka ikamwagikia jiko, akaifuta, akarudi dirishani, akatoka tena uani bila sababu. Mama mkwe wake, Bi Salha, alikuwa amekuja Arusha kutoka Pangani kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa mkekani linachezea ukindu: Najat, mwenye miaka minne, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amesema neno likaeleweka.

Bi Salha alishakata shauri. Mtoto ataondoka naye kesho alfajiri, akalelewe Pangani na watu wenye nafasi ya kuzungumza naye, si mama wa kushinda katika soko la Kwa Mrombo akiuza nyanya. Saadi, baba mtu, yuko kwenye mashamba ya maua Usa River, na kwa simu alisema mama akishaamua yeye hana la kuongeza. Hana la kuongeza! Mwanamume mzima. Zamda aliikata simu.

Basi wakakaa kunywa chai. Bi Salha akaivuta sahani ya vitumbua, akamuuliza mjukuu wake kwa sauti tamu anataka vingapi. Najat akafikiri kidogo. Kisha akakunja ngumi, akachomoza dole gumba katikati ya kidole cha shahada na cha kati, akamnyooshea bibi yake usoni.

Ewe Mola! Kwa mtu wa pwani lile ni tusi la nguoni. Bi Salha aliiweka sahani chini polepole.

"Mtoto hajui kusema, lakini kutukana anajua," alisema. "Haya ndiyo mnayomfundisha huku bara?"

Zamda aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Akamshika mtoto mkono, akatoka naye mbiombio kuelekea chekechea anakosoma, kanga ikiburuzika nyuma. Njia nzima alipanga maneno. Tangu zamani alikuwa na wasiwasi na shule ile: watoto wa jirani wanaandika a, e, i, o, u, wa kwake anarudi na udongo kwenye kucha. Kila akiuliza wamesoma nini, anaambiwa wamecheza. Na leo michezo imezaa matusi! Angemtoa Najat pale pale, na yule mwalimu angemsikia.

Mwalimu Namnyaki alikuwa amechuchumaa anamfunga mtoto viatu. Alimwomba Zamda asubiri kidogo. Kusubiri ndiko Zamda asikokuweza siku ile, lakini kabla hajafungua mdomo Najat alishachomoka mkononi, akaenda zake kwenye kona penye meza fupi. Watoto wengine wakampisha kama mtu aliyechelewa kufungua biashara yake.

Kwenye ile meza kulikuwa na nyanya za udongo, zimefinyangwa kwa mikono midogo, nyingine zina alama za vidole. Najat akaanza kuzipanga. Nne chini, moja juu. Nne chini, moja juu. Akarudi nyuma hatua, akalitazama fungu moja, akaigeuza ile nyanya ya juu ili upande mzuri uelekee mbele. Hivyo ndivyo Zamda mwenyewe anavyopanga mafungu yake sokoni kila siku ya Mungu, na hakujua kama kuna mtu anamwangalia.

Mteja wa kwanza alikuwa Meitamei, mtoto mwenye makamasi. Akauliza fungu lina nyanya ngapi. Najat akakunja ngumi, akachomoza dole gumba kati ya vidole viwili, na midomo yake ikacheza kidogo. Meitamei akarudisha ngumi ile ile, akachukua mzigo wake, akaondoka ameridhika.

"Tano," Mwalimu Namnyaki alisema nyuma ya Zamda. "Kwetu Wamaasai ndivyo tunavyohesabu kwa mkono. Ambaye bado hajapata sauti, ananunua na kuuza kwa vidole."

Zamda akaomba samahani kwa maneno ambayo hakuyatamka vizuri, akambeba Najat mgongoni, akarudi nyumbani karibu anakimbia.

Alimkuta Bi Salha anakunja nguo za mtoto na kuzitia begini. Akamweleza yote, akirukia mwisho kabla ya mwanzo. Bi Salha hakusadiki. Mikono ya Wamaasai angeijulia wapi yeye? Zamda akaleta ile sahani ya vitumbua, akaitua mbele yake, akamsihi aulize tena. Najat akajibu kwa ngumi ile ile. Safari hii Bi Salha alimpa vitumbua vitano, kimoja kimoja, na mtoto akavipanga mkekani: vinne chini, kimoja juu.

"Maskini, alikuwa anaomba chakula," Bi Salha alisema, na machozi yakamlengalenga. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akazitoa tiketi kwenye pochi. Kuhesabu ni kuhesabu, alisema, ila mdomo bado umefungwa, na Pangani utafunguka. Akamsogezea mjukuu wake vidole viwili mbele ya macho.

"Kesho tunasafiri watu wawili, mwanangu. Wawili. Umeona?"

Zamda alishika ukingo wa meza.

Najat aliviangalia vile vidole kwa muda. Akaushika mkono wa bibi yake kwa mikono yake yote miwili, akakikunja kidole kimoja mpaka kikalala kwenye kiganja, akakishikilia hapo kisiinuke.

Bi Salha alibaki na kidole kimoja hewani. Alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, kisha akalivuta begi, akaanza kuzitoa zile nguo.