Msiba Mbele ya Ghala

Mwaka ule wa 1974 ukungu wa milima ya Mbizi ulishuka ukakaa, na watu wa kijiji chetu kipya walionekana kama wanatembea bila miguu. Ndani ya ukungu huo ndimo alimotokea Mwalimu Amosi Fairley, Mmarekani Mweusi aliyefundisha sekondari mjini Sumbawanga.

Kwao alikuwa mwandishi wa tamthilia. Ya kwanza ilichezwa New York mwaka mzima, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Ya pili ilipendwa. Ya tatu ilihusu kifo cha mama yake, na mama alipokata roho watazamaji walicheka. Ikafungwa baada ya siku nne. Miaka saba sasa hajaandika kitu.

"Rozina, nitafsirie hiyo ya tatu, tuiigize hapa kijijini," aliniambia mimi, mwanafunzi wake wa zamani. "Sehemu ya tatu ndiyo roho yake, mtoto anapozungumza peke yake. Wakimsikiliza mpaka mwisho, nitaandika tena. Wakimkatiza, nimeacha kabisa. Lakini Kiswahili kitaubeba uzito huo?"

"Mwalimu, Kiswahili kinabeba Biblia, bajeti na matusi ya mama mkwe. Mama yako hatakishinda."

Tulifanya mazoezi baada ya mavuno. Bertilla, mkulima wa ulezi, alikuwa mama. Adolfu, dereva wa trekta la kijiji, alikuwa mtoto. Siku moja Bertilla aliinuka kitandani pa maigizo akauliza, "Mwalimu, siku ya maziko ulitupia udongo?"

"Sikuwepo. Ilikuwa wiki ya tamthilia yangu ya kwanza."

"Na matanga?"

"Sikukaa."

Bertilla alijifunga khanga, akaondoka kabla ya wakati, akapitia kwa jirani yake Mama Albina.

Jumapili, baada ya misa, kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ghala. Bertilla alilala, akashusha pumzi ya mwisho polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Amosi alinishika mkono. "Sasa," alinong'ona.

Adolfu alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Mama Albina alisimama na ungo wa unga wa ulezi kichwani, akaangua kilio. Wa pili akainuka, wa tatu, kisha mstari mzima wa wanawake wenye nyungo. Walimpita Adolfu kama wanavyopita nguzo. Walimfikia Mwalimu, wakachuchumaa, wakapiga makofi ya taratibu, wakamwekea unga miguuni, kama afanyiwavyo mfiwa.

"Waambie wakae, Rozina! Sehemu ya tatu bado!"

Niliwaambia. Mzee Zenon, mwenyekiti wetu, alitikisa kichwa.

"Mwalimu, tunajua Bertilla yu hai. Asubuhi tu amegombana na mke wangu kisimani. Huyu wa kwenu ndiye tunayemuulizia. Msiba wake ulikaliwa wapi?"

"Ni zamani, Mzee. Miaka ishirini na mitatu."

"Pole. Basi amesubiri sana."

Jukwaani Adolfu alikuwa bado amesimama, akingoja amri. Mwalimu alitazama karatasi zake, akatazama unga. Ukungu ulikuwa umeingia kati ya watu, sauti za kilio zikawa kama zinatoka mbali, ng'ambo ya maji mengi.

"Kaa chini, Adolfu," alisema.

Akina mama walitandika mkeka, naye akaketi. Ndipo marehemu mwenyewe akaamka kitandani, akajipangusa vumbi, akaja kuketi kando yake, akalia na wenzake.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Bertilla aliuliza huku akifuta machozi.

"Alifua nguo za watu," alijibu kwa Kiswahili chake cha kusitasita. "Jumamosi alilala na viatu miguuni, asichelewe kanisani."

"Viatu gani?" akauliza Mama Albina.

"Vyeusi. Kimoja kilibana."

"Cha kulia au cha kushoto?"

Mwalimu alifumba macho, akatafuta. "Kushoto," alisema, na hapo akalia kama wanavyolia waliofiwa leo.

Jumanne asubuhi nilimkuta mezani kwangu, wino hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ukurasa wa nane, na mwanamke wa ukurasa huo ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu.