Makaa Yasiyo na Moshi

Lul alipojifungua, mama yake, Saado, alisafiri siku nne kutoka Sangailu kuja kumlea arobaini yake mjini Garissa. Ilikuwa Aprili mwaka 1951, mvua zimeshika. Adow, mumewe Lul, alikuwa mkalimani wa serikali, naye alipewa nyumba ya mawe yenye mlango mmoja na dirisha dogo la mbao.

Saado alizoea kibanda cha mikeka, ambamo moshi wa kuni hupenya ukaenda zake. Siku ya kwanza alipowasha kuni ili mzazi aote moto, ukuta wa chokaa ukaingia weusi.

"Hooyo," Adow alisema akitazama chini, kwa heshima ya mama mkwe, "mkubwa wangu hukagua nyumba hizi. Nitaleta makaa yanayochomwa kule mtoni. Hayana moshi."

Kweli hayakuwa nao. Yalikuwa magumu kushika moto. Saado aliyapuliza mpaka kifua kikamuuma. Lakini yakishakolea, yalikaa mekundu tangu asubuhi hadi alasiri. Akayapenda.

Siku ya tisa upepo wa mvua ulivuma kwa baridi. Saado akafunga dirisha. Baada ya adhuhuri mtoto alilia, hanyamazi.

"Mchukue, Hooyo," Lul alisema. "Kichwa kinaniuma. Acha nilale kidogo."

Saado akamtoa mtoto barazani, akarudisha mlango ili baridi isimpate binti yake. Mvua ilipokatika, aliingia. Lul alikuwa amelala ubavu, midomo myekundu kuliko kawaida yake. Alimwita mara tatu. Alipomgusa shingoni, alijua.

Yarow, dresa aliyehudumia wagonjwa hospitalini, aliitwa, akafika mbio. Alifungua dirisha kwanza, kisha akapiga magoti kando ya kitanda. Punde aliinuka, akamfunika Lul uso.

"Sikusikia hata kikohozi," Saado alisema. "Moto gani huu unaua bila moshi?"

"Eedo," Yarow alisema, akimwita shangazi kwa heshima, "kuni zina mvuke na mafuta ndani yake. Ndiyo maana huwaka kwa ndimi, na moshi wake hukuwasha macho ukatoka nje. Makaa yalitolewa vyote hivyo kwenye tanuri. Kilichobaki huwaka polepole, na hewa ikipungua chumbani, hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, halafu hulala."

"Aliniambia kichwa kinamuuma," Saado alisema.

Yarow akayatoa makaa nje.

Baada ya mazishi Adow aliketi kizingitini. "Mimi ndiye niliyeleta makaa."

"Na mimi ndiye niliyefunga mlango."

Saado alimchukua mjukuu wake, Dahabo, wakarudi Sangailu. Alimkuza kwa maziwa ya mbuzi. Adow aliwatembelea mwaka uliofuata, akiwa amekonda. Alipomnyanyua binti yake, mtoto alimwogopa, akaanza kulia.

"Hakujui bado," Saado alimwambia, akimpokea. "Usiende leo. Kaa naye siku mbili tatu."

Adow akavua viatu, akaketi mkekani.