Mapovu Shingoni

Baba alikataa kuiuza ile sanamu kwa sababu moja tu: ilikuwa na mapovu.

"Haitoki kwenye karakana yangu hivyo," alisema. "Watasema fundi Kuwabara hakujua kazi."

Karakana yenyewe ilikuwa imefungwa miaka tisa. Kabla ya hapo, kwa miaka arobaini, Baba alitengeneza matangi ya maji, mabafu ya kuogea na mitelezo ya watoto ya shule za chekechea, vyote vya faibaglasi, hapo hapo mjini Hekinan, Japani. Vumbi lake likamla mapafu. Majira yale ya kuchipua alikuwa na miaka themanini na mmoja, bomba la oksijeni puani, na mwenye kiwanja alikuwa anakitaka kiwanja chake. Mimi Fumie, mwanawe wa pekee, nilikuja kufungasha vitu ili nimpeleke kwenye nyumba ya wazee.

Nyuma ya makopo ya rangi, chini ya shuka, alikaa msichana wa faibaglasi aliyekumbatia magoti. Kimo chake kilinifika kifuani, macho ameyafumba. Sawatari Michiyo alimtengeneza pale akiwa mwanafunzi wa sanaa wa miaka ishirini na miwili. Leo watu anaowachonga kwa mbao wamo kwenye majumba ya makumbusho. Sanamu yake ya faibaglasi iliyojulikana ilikuwa hii moja tu.

Niliita nyumba ya mnada, nayo ikamtuma Bi Nonomura kutoka Nagoya, amevaa glovu nyeupe, na tochi mkononi. Alimulika shingo ya sanamu, palipojaa vitundu kama ngozi ya chungwa, akafurahi.

"Tafadhali msiiguse, mzee. Mapovu haya ndiyo yanayoonyesha kuwa ni kazi ya mwanzo ya Sawatari."

"Kwa hiyo siku hizi ubovu ndio unauzwa?"

"Si ubovu, mzee."

"Bafu likiwa na mapovu mteja analirudisha. Wewe ungeogea humo?"

Bi Nonomura akacheka. Baba hakucheka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta karakanani, ameburuta mtungi wa oksijeni mpaka pale, kipande cha msasa mkononi, anahema. Alikuwa ameshaanza kusugua nyuma ya sikio. Nilimshika kiganja nikakifungua, kidole kimoja kimoja. Sikuwahi kumnyang'anya Baba kitu maishani mwangu. Hakupinga. Alitazama tu ukutani.

Ilibaki msanii mwenyewe aje athibitishe kuwa kazi ni yake. Nilipomwambia Baba, aliniuliza mara tatu kama kweli atakuja. Asubuhi ya siku ya ujio huo akaniomba nimnyoe ndevu.

Sawatari alifika Jumamosi na Bi Nonomura, amevaa raba zilizochakaa, mkononi boksi la vikeki vya maharage matamu. Aliinama mlangoni.

"Fundi."

"Umezeeka," Baba akamjibu kutoka kitini.

"Na wewe, Fundi. Hukuniachia nizeeke peke yangu."

Aliizunguka sanamu polepole. Akapitisha kidole shingoni, kwenye vile vitundu, akatabasamu kama mtu anayetazama picha yake ya shule.

"Mikono mibaya niliyokuwa nayo," alimwambia Bi Nonomura. "Fundi aliniambia siku ile ile: mikono yako ni ya kukata mbao, faibaglasi waachie wenyewe. Nikaiacha sanamu hapa hapa, nikaondoka."

Bi Nonomura alikuwa ameshatoa daftari.

"Acha kuandika," Baba akasema.

Tukamgeukia.

"Gundi ya kushikisha faibaglasi ndiyo iliyokuwa mbovu. Ilikaa stoo miaka miwili, muda wake ulishapita. Sikutaka kumpa mwanafunzi gundi nzuri, nikampa ya kutupa. Hata mimi ningeipaka, ingetoa mapovu."

Sawatari aliondoa kidole shingoni mwa sanamu.

"Ulijua lini?"

"Nikiwa nakupimia hiyo gundi."

"Na uliponiambia mikono yangu ni mibaya?"

"Nilijua."

Sawatari akatoka nje, akasimama ametupa mgongo, akitazama ukuta wa jirani. Nilitamani kumfunika Baba kwa lile shuka. Nilimkasirikia pia.

"Kwa nini leo, Baba?"

"Wanataka kuandika kwenye kitabu cha mnada kwamba ni mikono yake," alisema.

Sawatari aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Nililia kwenye basi mpaka Nagoya. Faibaglasi sikuigusa tena. Watu wakiniuliza kwa nini mbao, huwa nawapa maneno marefu."

Baba alijaribu kuinuka ili amwinamie. Bomba likavutika, likamchomoka puani. Sawatari ndiye aliyefika kwanza. Alilirudisha, akaliweka sawa nyuma ya masikio ya Baba, akavuta kigoda akakaa. Hakusema amesamehe.

"Haya, nionyeshe," alisema. "Povu lipi la gundi, na lipi langu?"

Walikaa hivyo karibu saa nzima. Baba alionyesha kwa fimbo: hili la gundi, hili la gundi, hili pia. Alipofika kwenye kiwiko, fimbo ikasita.

"Hapa ulikimbilia kumaliza. Hukukandamiza vizuri."

"Kwa hiyo hili ni langu."

"Lako."

Sawatari akaligusa povu lile, akatikisa kichwa kukubali kama mwanafunzi, kisha akatia sahihi karatasi za Bi Nonomura. Baba alishikilia suala la gundi liandikwe ndipo akubali kuiuza, na Bi Nonomura, bila raha, akaliandika kwa mistari miwili.

Sanamu iliuzwa mwezi wa sita kwa mtu aliyetoa bei kwa simu, ambaye hatukuambiwa jina lake. Nilipompelekea Baba habari kwenye nyumba ya wazee, hakuuliza bei.

"Wataiweka juani? Itageuka manjano."

"Sijui, Baba."

Alifariki mwezi wa tisa. Sawatari alikuja mazishini bila kualikwa, akakaa safu ya nyuma. Alifukiza ubani, akabaki mbele ya picha ya Baba muda mrefu kuliko wengine, kisha akaniinamia na kuondoka kabla ya chakula. Sikumuuliza kama alimsamehe. Nadhani bado alikuwa hajalijua jibu.