Tulipotoka Kusaka Kijivu

Mimi nikiishiwa na picha kichwani, hutoka kutembea. Nachomoa penseli moja ya rangi mkobani bila kuangalia, na rangi hiyo ndiyo nitakayoisaka njia nzima. Nyingine zote nazipita kama sizijui. Siku ile nilikuwa nimeishiwa kweli. Maonyesho yalikuwa wiki iliyofuata, na kwenye ukuta niliopewa palibaki pengo moja, la picha ya mama yangu. Mama hataki kuchorwa. Tangu nywele zianze kubadilika anajifunga kilemba hata ndani ya nyumba, na kila nikimwomba, jibu ni lile lile: nimchore alivyokuwa zamani, nywele nyeusi tii, au nimwache na uzee wake.

Basi nikamwomba anisindikize tu. Akakubali, kwa sharti kwamba penseli achomoe yeye. Akachomoa kijivu.

Nilinuna. Kijivu nacho ni rangi? Nikamwambia arudishe, achomoe nyingine. Akakataa katakata, mchezo ni mchezo, na aibu iliyoje mtu mzima kudeka barabarani.

Nikaona lami, nikaona ukuta wa saruji, nikapiga miayo. Ndipo Mama akanivuta mkono, akanionyesha njiwa juu ya bati. Shingo yake ilikuwa ya kijivu, na ndani ya kijivu kile mlikuwa na kijani, na zambarau pia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa. Moyo ukaanza kunienda mbio.

Kuanzia hapo tulikuwa kama watoto waliofungiwa ndani siku nzima. Nikapata moshi wa pikipiki wenye ubuluu, yeye akapata zege bichi lenye uwaridi. Nikapata sufuria kuukuu, yeye akapata paka, akadai paka mmoja ana vijivu vitatu. Tulibishana hadi wapita njia wakatukwepa. Nilifurahi mpaka nikasahau maonyesho.

Nje ya duka la fundi vioo, vioo virefu vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Nikasema hapa hakuna kitu, tupite. Mama hakupita. Alijitazama kidogo, kisha akafungua kilemba pale pale barabarani.

Nilikuwa sijaziona nywele zile kwa miaka. Kwenye paji zilikaribia weupe, nyuma ya masikio zilikuwa za moshi, na utosini zilikuwa na ubuluu wa chuma kipya, jua likipenya katikati yake. Mama aligeuza kichwa huku na huku, akivihesabu vijivu vyake kwa kidole.

"Vyangu ni vingi kuliko vyako," alisema. "Nimeshinda."

"Umeshinda, Mama."

"Basi twende ukanichore kabla sijabadili nia. Na ole wako uniongezee weusi."