Chupa Isiyo na Tundu

Vumbi la Juni mjini Kalemie halitui. Linaning'inia kati ya ziwa na bweni, jekundu, limebebwa na hewa isiyoonekana, na jua likipenya dirishani kila chembe hujidai nyota. Bertille alilimeza tangu asubuhi, pamoja na harufu ya dagaa wa jikoni, pamoja na harufu ya soksi za wasichana thelathini, na juu ya yote, harufu ya jipu.

Ee jipu! Jipu la Noëlla, mwenzake wa darasa, karibu na pale uti wa mgongo unapoishia, kalio la kushoto. Jekundu kama nyanya iliyooza, na kichwa cha manjano kikimkodolea Bertille kama jicho. Kesho ni Mtihani wa Serikali. Miaka sita ya shule ilimsubiri Noëlla akae kitini saa nne mfululizo, naye hakuweza kukaa hata kwa urefu wa Salamu Maria moja.

"Niko natembea kama bata," alilia, kifudifudi kitandani.

"Bata anakaa. Weye hata bata amekushinda."

Mama Agathe, mpishi wa shule, alikuwa na pembe ya ng'ombe ya kuumikia, ya kutolea damu mbovu. Nusu ya mji ilikuwa imeumikwa nayo. Bertille aliwahi kuiona, nyeusi, ukingo wake una ukoko wa damu ya zamani, akaurudisha uji wote bakulini. Pembe ni ya wahenga, alitangaza. Sisi tuna fizikia.

Kwa maana Mwalimu Maliki alikuwa amefundisha, kwa chaki na kwa jasho, kwamba hewa ina uzito. Inatukandamiza pande zote, nasi hatupondeki kwa kuwa ndani yetu mna msukumo kama huo. Punguza ya ndani, ya nje itakuja kwa kishindo. Utupu hauvuti, hewa ndiyo inayosukuma.

Basi ikaletwa chupa ya mdomo mpana, iliyoishiwa mayonezi ya masista. Basi ikawashwa ndani yake karatasi ya daftari la dini. Hewa ikapata moto, ikatanuka, ikatoka kwa wingi, moto ukafa, na Bertille, kwa utukufu wa askofu anayebariki kengele, akaigandamiza chupa juu ya jipu.

Chupa ikapoa. Hewa kidogo iliyobaki ikanywea. Na hewa yote ya Kalemie, ya ziwani, ya bandarini, ya relini, ikaisukuma nyama ya Noëlla kuingia chupani. Nyama ikaumuka kama andazi, ikawa zambarau, ikapakwa mayonezi. Jipu halikupasuka. Chupa haikutoka.

"Bertille! Toa hii kitu!"

Bertille akavuta. Chupa ikaja na kalio, kalio likaja na Noëlla, na kilio cha Noëlla kikamleta Mama Agathe, mwiko mkononi.

Akatazama. Akanusa. "Njo nini hii?"

"Ni fizikia, Mama."

"Fizikia yako haina tundu, mutoto."

Akabonyeza ngozi kwa kidole, penye ukingo wa chupa. Pffff! Hewa ikaingia kwa sauti ya aibu, chupa ikaanguka yenyewe.

"Pembe iko na tundu pa ncha," alisema, akiitoa kwenye kitambaa. "Unavuta kwa kinywa, unaziba na nta. Ukitaka iachie, unatoboa nta. Weye uliweka mulango wa kuingia tu."

Akauchoma wembe motoni, akachanja jipu, akasimika pembe. Kisha akaachama: meno ya mbele, hakuna hata moja.

"Midomo yangu inavuja hewa. Dada yangu Rosalie njo huvuta, naye yuko Nyunzu. Vuta weye."

Bertille akaitazama ncha. Ilikuwa ya manjano, laini, imelambwa na midomo ya miaka arobaini. Miguu ikageukia mlango.

"Kesho," alisema Noëlla ndani ya mto. Neno hilo tu.

Bertille akafumba macho, akavuta. Chumvi. Moshi. Mawese yaliyochacha. Mate ya watu waliokwisha kuzikwa. Akavuta tena, na tena, mpaka Mama Agathe akaibana nta kwa dole gumba. Utupu hauvuti, Bertille, ni kweli. Lakini lazima pawe na mtu wa kuufanya kwa kinywa chake.

Ndani ya pembe kikapanda kitu. Pembe ilipoachia, usaha ulikuwa mzito kama maziwa mgando, na katikati yake kiini cha jipu, kijani, kama dagaa aliyelala kwenye mchuzi. Bertille alikiona kwa ukamilifu. Alitapika kwa ukamilifu.

Asubuhi, chumba cha mtihani kilijaa mwanga na ukimya. Noëlla akapangusa vumbi la benchi kwa kiganja. Akashusha upande wa kulia. Akangoja. Akashusha wa kushoto.

Akabaki hapo.

Nyuma yake Bertille akameza mate, bado yana ladha ya pembe, akashika kalamu.