Glasi ya Baba Mjini Fukuoka

Nilisikia bia ikimiminwa. Nilikuwa nimeinama mlangoni nafungua kamba za viatu, mlango wa sebule umefungwa, na sauti ile ikapenya karatasi ya ule mlango wa Kijapani: fupi, nyembamba, ya juu. Kazi yangu ni kupanga vipaza sauti kwenye matamasha ya muziki kwetu Korea, mjini Busan, kwa hiyo masikio yangu hayapumziki. Glasi tupu ikijazwa huanza na sauti nene, kisha hupanda. Hii ilianzia juu. Mtu alikuwa anaongezewa bia juu ya bia. Nikafurahi, nikajua wazee wameanza kuzoeana. Halafu kimya. Halafu nikasikia magoti ya baba yangu yakilia, anasimama.

Nilikuwa nimetoka dakika kumi tu, kwenda kuchukua boksi la zawadi, mwani mkavu wa kula, tulilolisahau kwenye gari la kukodi. Nilipouvuta mlango, baba alikuwa ameshavaa koti lake. Mzee Egami, baba yake mchumba wangu Chizuru, amepiga magoti upande wa pili wa meza, chupa ingali mkononi, anamtazama kama mtu aliyeona paka anaongea.

"Do-hyeok," baba akaniambia, sauti ya chini kabisa. "Twende. Hapa mimi nimeshakufa."

Sikuelewa. Baba yangu, Bae Pan-seok, ana miaka sitini na minane, na tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga Japani. Yeye ni fundi wa injini za meli. Amezifungua meli za Kijapani zisizo na idadi, lakini nchi yenyewe aliiangalia kutoka ng'ambo tu. Baba yake mzazi alichukuliwa kwa nguvu na Wajapani wakati wa vita kuu akaja kuchimba makaa ya mawe, si mbali na hapo tulipokuwa, akarudi na mapafu mabovu. Miezi minane nilimbembeleza baba aje. Siku hiyo ya Jumapili, mchana, alikuja. Wazee wawili wangekula, wangekunywa kidogo, na kama wangekubaliana, mimi na Chizuru tungeoana majira ya maua. Chizuru alikuwa ameniambia wazi kwamba hataolewa bila ridhaa ya baba yake. Na mimi nisingeoa bila ridhaa ya wangu. Kila kitu kilikuwa juu ya meza ile.

Kilichonichanganya ni hiki: wale wazee hawakuwa na lugha ya kuwaunganisha. Baba hajui Kijapani hata cha kuombea maji. Mzee Egami, dereva wa treni aliyestaafu, hajui Kikorea. Chizuru na mama yake walikuwa jikoni wanakaanga. Sasa mtu anamtukanaje mwenzake bila maneno?

Nikatazama huku na huku kutafuta kosa. Meza ilikuwa safi. Samaki wabichi wamepangwa vizuri, vijiti vya kulia vimelazwa panapostahili. Kwenye kona televisheni ilikuwa inaonyesha mchezo wa besiboli, wao na sisi, sauti imepunguzwa kwa heshima ya mgeni. Tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Na chini ya picha ilipita mistari ya habari, mmojawapo ukivitaja vile visiwa vinavyogombaniwa na nchi zetu, ambavyo wao huviita jina lao na sisi letu. Mbio mbio akili yangu ikaunga mambo. Nikasema moyoni, mzee huyu amekinyooshea kidole kioo cha televisheni, amecheka.

Nikamgeukia. Kijapani changu si kibaya, nilikisomea ili nipate kazi za matamasha huku, na siku hiyo kilinitoka kwa ufasaha nisioujua. Nikamuuliza kama hivyo ndivyo wanavyokaribisha wageni. Nikamwambia babu yangu alizika mapafu yake katika ardhi hii ili wao waote moto, na kama anataka kuhesabu visiwa, basi tuanze na kuhesabu watu. Niliona ninasema vizuri. Nilisikia kila neno likitua mahali pake.

Mzee Egami alitua chupa, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Chizuru akatokea na sahani mkononi, aproni imejaa unga, akasimama. Nyuma yake mama yake, Mama Mutsuko, ambaye Kikorea chake chote amekitoa kwenye tamthilia za televisheni, hivyo huongea kama malkia wa kale.

"Bwana mtukufu," akamwambia baba kwa hofu, "ni dhambi gani imetendeka katika ikulu yetu?"

Siku nyingine ningeanguka kwa kucheka. Baba hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Umemwambia nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea ashike bega langu. Uso wake ukaiva kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona hata siku nilipoacha chuo.

"Nani amekutuma kumtaja baba yangu? Mimi nimemtaja? Wewe mtoto, nimesema habari za mgodi?"

"Sasa amekukosea nini, Baba?"

Akainyooshea kidole glasi yake. Ilikuwa imejaa pomoni, povu limefika ukingoni. Akasema hiyo ilikuwa mara ya tatu. Alikunywa nusu, mwenye nyumba akamwongezea juu. Mara ya kwanza akanyamaza, pengine mtu ameteleza. Mara ya pili akavumilia. Mara ya tatu akakumbuka vuli iliyopita, siku ya ukumbusho wa marehemu mama yangu, yeye mwenyewe amesimama mbele ya picha ya mama akikiongezea kikombe ambacho kilikuwa bado kina pombe. Kwetu ni marehemu peke yake anayeongezewa. Aliye hai husubiriwa amalize.

Jambo hili ninalijua tangu utotoni. Lakini miaka mitatu ya kuingia na kutoka nyumba za Kijapani, nimeongezewa bia mara ngapi? Nilishazoea, nikasahau kwamba kuna kitu cha kuzoea. Sauti ile niliisikia mlangoni, nikaipima urefu na wembamba, na haikuniambia kitu.

Chizuru ndiye aliyeyageuza maneno ya baba kuwa Kijapani, taratibu, macho chini. Mzee Egami alinyanyua kichwa, rangi imemtoka. Akaeleza, na Chizuru akarudisha kwa Kikorea, kwamba kwao kuiacha glasi ya mgeni ipungue ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni atadhani anaambiwa aondoke. Alikuwa anamwona baba anakunywa polepole, akaona labda anaona haya. Hakuwa na maneno ya kumkaribisha. Alikuwa na chupa tu.

"Nimetazama vipindi mia mbili," Mama Mutsuko akanong'ona, safari hii kwa Kijapani, "hakuna hata kimoja kilichonionya."

Baba alisimama pale muda mrefu, koti limefungwa vifungo. Sikujua atatoka au atakaa, na nadhani hata yeye hakujua. Mwishowe akavua koti, akaketi, akaishika glasi na kuinywa yote kwa mkupuo. Akaiweka mezani tupu. Mzee Egami akaitazama glasi, akaitazama chupa, mikono juu ya mapaja, anaogopa kuigusa. Baba naye anasubiri, maana sasa ndiyo ilikuwa zamu ya kumiminiwa. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake. Nani alianza kucheka, siwezi kusema. Mzee Egami alimimina, na baba akaipokea kwa mikono miwili.

Nikapumua. Nikaona yamekwisha. Nikakaa karibu na Chizuru, yeye akasogea pembeni kidogo, upana wa kiganja. Ndipo Mzee Egami akaniita.

"Bae kijana," alisema, bila ukali. "Baba yako alikosewa mara tatu akanyamaza. Wewe hujakosewa hata mara moja, umeniwekea maiti mezani. Ningekuwa na binti wa kumpa baba yako, ningempa leo. Wewe sijui. Sijui kweli."

Nilimtazama baba anitetee. Ingawa hakuelewa neno, alielewa, akageuzia macho kwenye mchezo. Nilimtazama Chizuru. Alikuwa anakwangua unga uliokauka kwenye aproni. Maneno yaliyonijia yalikuwa mengi, na yote mazuri, na kila nililoligusa lilikuwa na moto. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa namlinda baba. Lakini sikuwa na uhakika nilikuwa namlinda nani. Mgodi ule wa babu sijawahi hata kuutafuta kwenye ramani.

Nikashuka kwenye mto wa kukalia, nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Mzee Egami, Jumapili ijayo nitapanda ndege ya asubuhi nije hapa," nilisema. "Sitakuja kumposa Chizuru. Nitakaa na wewe tu, sitafungua mdomo mpaka uniulize jambo. Na usiponiuliza, nitarudi Jumapili nyingine."